Kipepeo wa Daraja la Juu

Tarehe 2 Machi

…na ndiyo maana nasema yule mwanamke ana bahati kuliko mimi, kwa sababu yeye anaulizwa "Upo?" kila nusu dakika, mchana kutwa, na mimi niliyevishwa pete naulizwa mara moja tu asubuhi, tena na mtu mwenye mswaki mdomoni.

Nilimwambia mume wangu hivyo hivyo leo, akacheka mpaka akamwaga chai.

"Mke wangu, hiyo ni mashine inaiuliza mashine. Mimi simo."

"Mashine ni yako, na jina umeliandika wewe."

Hapo kicheko kikapungua. Nimekiona kikipungua.

Niandike yote, maana daftari hili ni jipya kama ndoa yangu ya siku kumi na tisa. Mume wangu ni fundi wa mashine za mto, na ana vidole virefu ambavyo hata akishika bisibisi natamani ningekuwa skrubu. Mto wetu una wasomaji wanne. Kila mmoja ana nguzo ya namba iliyosimikwa majini, na kisanduku chenye betri na antena. Msomaji anatazama maji yamefika sentimita ngapi, anaandika, na kisanduku kinavipa habari visanduku vyote. Hakuna mashine kubwa katikati. Minara ya simu huzimika mvua ikizidi, kwa hiyo mume wangu alitunga programu ya visanduku kutafutana vyenyewe na kuongea vyenyewe, kimoja kwa kimoja. Kila nusu dakika kimoja huuliza "Upo?" na kingine hujibu "Nipo." Kisipojibu mara tatu, nukta yake kwenye skrini yetu hugeuka nyekundu.

Kisanduku cha Kinu kipo kwenye kinu cha kusaga. Ghala ni kwenye ghala la nafaka, kando ya kijito, na msomaji wake ni mzee mpole asiyeona vizuri. Kivuko ni chini kabisa, sokoni, na msomaji ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Juu kabisa, kwenye daraja la milimani, yupo mwanamke ambaye sijamwona. Kwa haki yake kisanduku hicho kingeitwa Daraja.

Kinaitwa Kipepeo.

Tarehe 3 Machi

Mvua ya kwanza. Alinifunika koti lake njiani, yeye akalowa mpaka soksi. Nampenda mpaka naogopa.

Tarehe 6 Machi

Wifi amekuja na kikapu cha mayai na mdomo wake. Tulikuwa tunachambua mchele, nikamuuliza kama mtu asiyejali, "Wifi, huyo Kipepeo ni mtu gani?"

Akanitazama, akaweka ungo chini. "Nani kakutajia?"

"Skrini."

"Basi skrini haina adabu." Akacheka, lakini akaendelea, maana wifi hawezi kubeba habari nusu njia. "Kaka yangu alimtaka. Zamani, kabla yako. Kila Jumamosi alikuwa anapanda mlima eti anabadilisha betri. Mimi nikamwambia, betri gani hiyo inayokufa kila Jumamosi?"

"Na yeye?"

"Yeye alimwambia, fundi, betri yangu ni nzima, shuka nyumbani." Wifi alijipiga paja. "Alimkataa mchana kweupe, mbele ya watu wanaotengeneza daraja!"

Alidhani ananituliza. Yaani nina mume aliyekataliwa na mwingine, kisha akanichukua mimi? Mchele wote niliochambua baada ya hapo ulikuwa na mawe. Mume wangu ametafuna moja jioni, akasema chakula kitamu sana. Ni malaika huyu mtu, na mimi namwonea wivu.

Tarehe 9 Machi

Leo mvua imetufungia ndani, akanikalisha mapajani mbele ya skrini na kunifundisha kazi yake. Sijawahi kupenda somo lolote namna hii. Shuleni wangenifundisha hivi ningekuwa daktari.

Kwanza akanieleza jinsi visanduku vinavyounganishwa. Kila kimoja kiko nyuma ya mlango uliofungwa kwa ndani. Kimoja kikibisha peke yake hakifunguliwi. Inabidi viwili vibishe hodi kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa mwenzake, ndipo milango yote miwili inaachia.

"Kama sisi siku ile," nikasema, "uliponiandikia barua na mimi nimeshaitia yangu posta."

"Kama sisi," akasema, akanibusu shingoni. Nimeyeyuka kama samli.

Kisha majina. Kila kisanduku kina alama yake, mstari mrefu wa herufi na namba, haufanani na wa mwingine, kama alama ya kidole. Kisanduku kikihamishwa, vingine vinaulizana, "Nani anajua alama hii iko wapi?" mpaka vikipate. Jina ni la macho ya binadamu tu. Kila mwenye mashine anaandika kwenye orodha yake: alama hii nitaiita hivi, ile nitaiita vile. Anayeitwa hajui ameitwaje.

"Kwa hiyo yeye hajui kwamba unamwita Kipepeo?"

"Hajui." Masikio yake yamekuwa mekundu. "Anayeona majina yangu ni dada tu pale Kivuko. Kisanduku chake ni kipya, hakina orodha yake, kinachukua yangu. Kinauliza mara moja kwa saa, kinakumbuka, hakiulizi tena mpaka saa iishe."

"Na mimi unaniitaje humo?"

"Wewe huna kisanduku, mpenzi. Wewe uko hapa."

Ni jibu zuri. Nimelitafuna mchana kutwa na bado halijashuka.

Tarehe 12 Machi

Kipepeo 165. Upo, nipo, upo, nipo.

Tarehe 15 Machi

Nimefunika skrini kwa kitambaa cha kufuma nilichopewa harusini. Nimesema ni kwa ajili ya vumbi. "Msimu wa mvua?" akauliza. Nikasema vumbi halina msimu.

Tarehe 18 Machi

Amepanda darajani kubadilisha betri. Leo ni Jumamosi.

Tarehe 19 Machi

Amerudi na tope mpaka magotini, na ua la porini kwenye mfuko wa shati, langu. Limesinyaa, nimelitia kwenye glasi. Nimeuliza yukoje huyo mama wa darajani. "Mzima," akasema. Mzima! Neno moja! Mtu akinieleza neno moja najua ameficha kumi. Nimejitia hamnazo, nikapiga pasi mashati mawili yaliyokwisha kupigwa.

Tarehe 22 Machi

Ghala 400. Mume wangu akaruka kama aliyeng'atwa na siafu, akapiga simu. Kumbe Mzee wa Ghala alisoma arobaini, akaongeza sifuri kwa kuwa hakuvaa miwani. Ni mara ya tatu. "Siku nyingine," mume wangu akasema, "Ghala ikipanda nitakunywa kwanza chai."

Tarehe 26 Machi

Nimefunua kitambaa kupangusa kioo nikakuta ujumbe kutoka darajani. Naunakili neno kwa neno: "Betri inafanya kazi vizuri. Lakini umekonda, fundi. Mwambie mkeo akulishe."

Akulishe! Mimi! Mwenye kuamka alfajiri, mwenye kumkatia papai vipande vidogo vidogo! Amemtazama mume wangu mpaka kwenye mbavu!

Nilimwonyesha. Akacheka, eti, "Ni mtani tu huyo." Nimelia jikoni nikasingizia vitunguu, na leo hatukupika kitu chenye vitunguu.

Tarehe 27 Machi

Mume wangu ameondoka alfajiri kwenda Kinu. Antena imeangushwa na upepo, kisanduku kimefunguliwa vipande vipande, atalala huko siku mbili. Ameniachia skrini. "Wewe ndiye fundi sasa," akasema, akanibusu mara nne, nimehesabu.

Na mimi nimefanya jambo.

Nimefungua orodha ya majina. Alama ya darajani nimeipa jina Ghala, na alama ya ghala nimeipa jina Kipepeo. Basi. Sasa akirudi na kuandika "Kipepeo, umeamkaje?" atajibiwa na babu mwenye kiuno kibovu. Ninacheka peke yangu chumbani kama kichaa. Nitarudisha baadaye, akishaaibika kidogo.

Mvua kubwa. Nimekula papai lote.

Tarehe 28 Machi

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Saa nne asubuhi ubao wa namba kwenye skrini ulisema Kipepeo 145, Ghala 230. Nilikuwa nasuka nywele, nikatazama na kuendelea kusuka. Kwa kweli sikuwaza. Nilikuwa nimezoea kuutazama mstari ule kwa chuki, si kwa kuusoma.

Saa tano na dakika tano simu ikalia. Mume wangu, sauti yake ikiwa imejaa upepo.

"Mke wangu, nisomee ubao. Huku nimefungua kila kitu, sioni chochote."

"Kipepeo 145. Ghala 315."

"Mia tatu na kumi na tano?" Akacheka, kile kicheko chake kizuri. "Mzee na miwani yake! Kijito kile kikifika mia tatu ghala lenyewe lingekuwa linaelea. Dada naye kanipigia sasa hivi ana wasiwasi, nikamwambia kama Kipepeo iko chini, soko liendelee. Iko chini, sivyo?"

Nikafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, simu ikakatika. Nikapiga tena. Hakuna mnara.

Nilisimama na nywele zimesukwa nusu kichwa, ndipo ikaniingia. Mstari ule haukuwa wa Mzee. Ilikuwa darajani. Mto mkubwa ulikuwa umevuka mia tatu, na mia tatu darajani maana yake ni kwamba kivukoni watu waondoke. Maji hutumia saa moja na nusu kufika. Yalikuwa yameshapita darajani kama nusu saa. Na leo ni siku ya soko.

Nasema kweli hapa kwa sababu hapa hakuna anayenisoma. Wazo langu la kwanza halikuwa watu. Nilifikiri: nitarudisha majina haraka, nitasema Kipepeo amepanda ghafla, hakuna atakayejua. Nikarudisha. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi kama vya mwizi. Ubao wangu ukasema kweli: Kipepeo 322, Ghala 145.

Kisha nikakumbuka Kivuko. Kinauliza mara moja kwa saa, kinakumbuka. Pembeni ya jina lake imeandikwa mara ya mwisho kilipochukua orodha: saa nne na dakika hamsini. Hakitauliza tena mpaka saa sita kasoro kumi, na maji yangefika kama saa sita. Kwa wifi, uongo wangu ulikuwa bado ni kweli tupu.

Nikamwandikia kwa mashine: "Wifi, ondoa watu. Maji makubwa yanakuja."

Akajibu: "Kaka kasema ni miwani ya Mzee. Kwangu Kipepeo 145."

"Kwako si sahihi. Tafadhali."

"Wifi yangu, una hofu ya bibi harusi. Soko limejaa, nikipiga kelele bure leo hawatanisikia tena. Nipe sababu."

Ile sababu ilikuwa na jina langu. Nilijua kwamba nikiiandika haitafutika: wifi ataijua, mume wangu ataijua, soko zima litaijua, na yule mwanamke darajani atacheka mpaka ashike mbavu. Nilimwona mume wangu akinirudisha nyumbani kwa mama na sanduku langu la harusi. Nikapiga moyo konde, nikaandika:

"Ni mimi. Jana nilibadilisha majina kwa wivu. Unayoiona Ghala ni darajani. Kisanduku chako kitaendelea kudanganywa mpaka saa sita kasoro kumi. Nisamehe baadaye, ondoa watu sasa."

Ikapita dakika nzima. Upo, nipo. Upo, nipo.

"Ee Mungu wangu. Haya."

Hilo tu. Sikupata neno jingine. Nikakaa mbele ya nukta yake ya kijani. Nilikuwa nimezichukia nukta zile mwezi mzima, na sasa nilikuwa naipigia moja magoti. Saa sita na dakika sita: Upo? Kimya. Upo? Kimya. Upo? Nukta ikawa nyekundu.

Kuanzia hapo mashine iliuliza peke yake, na mimi nikauliza nayo kwa sauti. Upo, wifi? Upo? Jirani akagonga ukuta kuuliza kama nina mgeni.

Saa nane na robo nukta ikageuka kijani. Si kisanduku kilichojibu kwanza. Ni wifi, kwa mkono wake, kutoka kilimani alikokibeba kichwani na betri yake. Kisanduku kiko mahali papya, lakini alama ni ile ile, vingine vimekitafuta vikakipata.

Aliandika: "Nipo. Wote tupo. Mabanda sita yamekwenda, na langu. Mtu hata mmoja hakwenda."

Nimelala sakafuni nikalia kama mtoto.

Tarehe 29 Machi

Amerudi. Alishapita kwa dada yake. Nilimweleza tena kwa kinywa changu, nimesimama. Alivua viatu, akaviweka sawasawa, akasema, "Wale wasomaji wote wanne utawaambia mwenyewe." Kisha akaenda kulala.

Tarehe 30 Machi

Nimemkatia papai. Halijaliwa.

Tarehe 31 Machi

Amekwenda kusaidia kujenga banda la wifi. Nilimfuata na nyundo. Wifi alinikumbatia, kisha akanifinya mkono kwa nguvu mpaka nikapiga yowe. "La kwanza la mapenzi," akasema, "la pili la banda."

Tarehe 1 Aprili

Nimewaandikia wote. Msomaji wa Kinu amejibu, "Nimeelewa." Mzee wa Ghala amejibu hivi: "Mwanangu, siku nzima nimeitwa Kipepeo na sikujua. Kwa umri huu! Ungeniambia ningevaa vizuri. Lakini mwambie fundi safari hii miwani yangu nilikuwa nayo." Nimecheka na aibu ikanichoma pamoja. Mzee alisoma sawa siku zote mbili, na tulimcheka.

Darajani: hakuna jibu.

Tarehe 2 Aprili

Tulikuwa tunakunja shuka, mimi huku, yeye kule. Nikasema, "Nisamehe," na neno lile lile, wakati ule ule, likatoka kwake. Tukasimama tukitazamana juu ya shuka.

"Wewe una nini cha kusamehewa?" nikauliza.

"Jina. Nililiandika miaka mitatu iliyopita nikiwa mjinga. Aliponikataa nilipaswa kulifuta, nikaona haya hata kulifungua. Halafu ukaja wewe, nikasahau kabisa kwamba linasomeka."

"Ulisahau? Ukanywea nilipokuuliza?"

"Nilikumbuka. Ndipo nikaona haya mara mbili." Akavuta shuka, na mimi nikaja nayo. "Lakini ungeniuliza, mke wangu. Ungenipiga hata na mwiko. Pale sokoni kulikuwa na watoto."

"Najua."

"Usiguse orodha tena bila kuniambia."

"Sitagusa."

Jioni alikula sahani mbili. Hajakonda hata kidogo, yule mwanamke ana macho mabovu.

Tarehe 5 Aprili

Amejibu! Nanakili:

"Mke wa fundi, mvua ilinikata siku tatu, ndio nasoma leo. Nimecheka mpaka mwenye lori amesimama kuuliza kama naumwa. KIPEPEO? Mimi nina kilo tisini na mbili, daraja lenyewe hulia nikipita! Kwenye orodha yangu mumeo anaitwa Mbishi, mwambie. Lile la kumlisha mumeo lilikuwa utani, tena mbaya, naomba radhi. Lakini lile la watu wa soko si utani. Mimi ndiye niliyesoma namba ile nikiwa nimelowa mpaka mfupani, na kwa saa nzima haikuwa na maana yoyote kwa sababu yako. Nimekasirika, kisha nimesoma tena ulivyojitaja mbele ya wifi yako. Mimi nisingeweza. Basi yaishe."

Nimeisoma mara saba. Anaandika vizuri. Hilo nalo limenichoma.

Tarehe 6 Aprili

Mume wangu ameandika Daraja. Alinikalisha nishuhudie. Nimeona neno Kipepeo likifutwa herufi moja moja, na nimeona huruma kidogo, sijui kwa nani.

Tarehe 9 Aprili

Mvua imepungua. Daraja 150. Leo mume wangu amenipa kisanduku, cha akiba, kimetengenezwa kwa vipande vilivyobaki kule Kinu, na nguzo nitaisimika mwenyewe kwenye kijito cha nyuma ya nyumba. Nitakuwa msomaji wa tano. Nimeandika orodha yangu mwenyewe: Kinu, Ghala, Kivuko, Daraja, na yeye. Yeye nimempa jina ambalo haliandikwi hata humu.

Sikumuuliza ameniitaje. Nimetazama alipokwenda kuoga. Ameandika: Hapa.

Dakika kumi baadaye ujumbe wa kwanza kwenye kisanduku changu, kutoka darajani: "Naona alama mpya mtoni. Ni wewe, mke wa Mbishi? Nimeshakupa jina kwenye orodha yangu. Sikuambii ng'o."

Nimejibu, na hii ndiyo nakala yangu:

"Ni mimi. Nipo. Kesho naanza kusoma maji, na miwani sihitaji. Jina hilo nitaliona kwa macho yangu, na wewe nitakuona pia, kilo zote tisini na mbili, maana sijaamini. Barabara ikikauka nitapanda na basi la asubuhi, kabla Aprili haijaisha. Nitakuja peke yangu. Betri mpya nitaibeba mimi."